Uliza Fundi wa Simu: Ukipiga Hodi Mirihi

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Toleo lililopita nilijibu swali fupi kuhusu redio za mabaharia, na mwishoni nikagusia vyombo vinavyosafiri kwenye sayari nyingine. Mstari ule mmoja umeniletea barua nyingi kuliko chochote nilichoandika mwaka huu, kwa hiyo ukurasa wote wa leo ni wa anga za mbali. Kwa anayefungua safu hii kwa mara ya kwanza: nilikuwa fundi wa simu na ishara za reli kwa miaka 31, sehemu kubwa kati ya Gulwe na Manyoni. Sasa ninaishi Zuzu, na barua zenu nazijibu asubuhi kabla jua halijashika bati.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea mitandao ya kompyuta hapa Dodoma. Mwalimu ametupa kazi ya kubuni mtandao wa kuunganisha Dunia na Mirihi. Kikundi chetu kimeandika kwamba tutatumia intaneti hii hii, ila setilaiti ziwe nyingi na antena ziwe kubwa. Karatasi imerudi na neno moja tu: "Rudieni." Tumekosea wapi?*
*Mwanafunzi, Ng'ong'ona*

Marahaba mwanangu. Kwenye antena hamkukosea. Mmekosea kwenye mazungumzo.

Simu yako inapofungua ukurasa, mashine mbili huanza kwa kubishiana hodi. Moja inasema hodi, ya pili inaitikia karibu, ya kwanza inasema nimekaribia, ndipo maneno yanaanza kupita. Kila kipande kikifika, mpokeaji anasema nimepata. Akikaa kimya, mtumaji anasubiri kidogo, anatuma tena, na kimya kikizidi anafunga mlango na kukuambia mtandao haupatikani. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam hodi na karibu zinakamilika kabla hujapepesa jicho, ndiyo maana hakuna anayezifikiria.

Sasa ipeleke hodi hiyo Mirihi. Sayari ile ikiwa karibu kabisa nasi iko kilomita milioni 55 hivi, na ikiwa ng'ambo ya Jua inafika milioni 400. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, wala hayana namna ya kuongeza mwendo. Kwa hiyo hodi yenu itasafiri kati ya dakika 3 na 22, na karibu itachukua muda uleule kurudi. Siku mbaya dakika 44 zimekwisha na hujasema neno hata moja la maana. Antena ya ukubwa wowote haitapunguza hata sekunde moja hapo, kwa sababu tatizo si nguvu ya ishara.

La pili ni zito zaidi. Intaneti yetu imejengwa kwa imani kwamba njia yote iko wazi kwa wakati mmoja, kutoka kwangu hadi kwako. Huko njia nzima karibu haipo kamwe. Roboti iliyoko ardhini Mirihi inageuzwa na sayari yake na kuipa Dunia kisogo. Setilaiti inayoizunguka Mirihi inapita juu ya roboti hiyo kwa dakika chache tu, kisha inazama upande wa pili. Na kila miezi 26 hivi Jua linakaa katikati yetu na Mirihi, na kwa muda wa wiki mbili waongozaji hawatumi amri kabisa, kwa kuhofia zifike zimeharibika. Kipande kimoja cha njia kiko wazi sasa hivi, kingine kitafunguka baada ya saa kadhaa, na katikati pamefungwa.

Nikueleze usiku mmoja, halafu nirudi kwenye karatasi yenu.

Msimu wa El Nino, 1997 kuingia 1998, nilikuwa Kintinku na mwenzangu tukitafuta laini iliyokufa upande wa Saranda. Maji yalikuwa yametanda bondeni, nguzo mbili zimelala, vikombe vya kauri vimepasuka, waya uko chini ya tope. Saa 2 usiku ikaingia simu kutoka Dodoma: mabehewa ya ng'ombe yanayotoka Tabora yazuiliwe Manyoni, wanyama wapewe maji, kwa kuwa mbele reli imekatika. Ujumbe ni wa Manyoni, na Manyoni hatuwapati. Stesheni masta hakusema "laini mbovu, pigeni baadaye." Alifungua buku lake lenye penseli iliyofungwa kwa uzi, akaandika saa, umetoka kwa nani, unakwenda kwa nani, na maneno yenyewe. Akawasomea Dodoma neno kwa neno. Wakasema sawa. Kuanzia dakika ile Dodoma walikuwa wamemaliza yao, na ujumbe ulikuwa mali ya Kintinku.

Kila nusu saa alizungusha mkono wa simu kuelekea Saranda, na kila mara palikuwa kimya. Sisi tulikuwa gizani na tochi, matope magotini. Saa 11 alfajiri waya ulikaa juu, akazungusha tena, Saranda wakaitika. Akasoma, wakarudia, akaandika saa pembeni, ndipo akapiga mstari juu ya ujumbe ule. Saranda nao wakaupeleka Manyoni. Ng'ombe walipofika walikuta mapipa yamejaa. Katika usiku wote ule hapakuwa na dakika hata moja ambayo Dodoma na Manyoni walikuwa kwenye laini moja.

Mwanangu, hivyo ndivyo mtandao wa anga za mbali unavyobuniwa. Mwaka 1998 wahandisi wa JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani (NASA) kule California, pamoja na Vint Cerf, mmoja wa waliobuni itifaki, yaani kanuni za mazungumzo ya mashine, za intaneti tunayoitumia, walikaa kufikiria intaneti ya kati ya sayari na sayari. Kilichozaliwa ni itifaki ya mafungu. Data haisagwi kuwa vipande vidogo vinavyotegemea majibizano ya papo kwa papo. Inafungwa fungu zima lenye anwani, saa ya kuandikwa, na muda wa uhai wake, na kila chombo njiani kinalipokea, kinaliweka ghalani mwake, na kulisukuma mbele nafasi ikipatikana. Toleo lililoandikwa mwaka 2007 lilikuwa hata na utaratibu wa kukabidhiana dhamana: mpokeaji akishakubali dhamana, mtumaji anaweza kufuta nakala yake. Toleo la 7 lilitoka mwaka 2022. Tangu 2016 itifaki hiyo imetumika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Kwa hiyo mnaporudia kazi yenu, acheni kwanza kuchora antena. Kila kituo kwenye mchoro wenu kipeni ghala: kinatunza data kiasi gani, kwa siku ngapi? Ghala likijaa, kipi kitupwe kwanza? Fungu la amri likicheleweshwa siku tatu bado lina maana, au lifutwe njiani? Kisha chukueni ratiba. Hapa mko na bahati ambayo sisi wa reli hatukuwa nayo. Treni huchelewa, ila mzunguko wa sayari unajulikana kwa sekunde miaka mingi mbele. Mnaweza kuandika leo kwamba setilaiti fulani itaonana na roboti fulani saa ngapi, kwa dakika ngapi, na fungu likapangiwa njia kwa ratiba hiyo kabla halijaondoka. Mimi ningetumia nusu ya karatasi kwenye ratiba peke yake.

Hata leo kazi ya Mirihi inakwenda kwa kupokezana. Roboti Perseverance, iliyotua 18 Februari 2021, inaweza kuongea na Dunia moja kwa moja, lakini kwa mwendo wa kinyonga. Picha zake nyingi huzirusha juu kwa setilaiti kama Mars Reconnaissance Orbiter au ile ya Ulaya iitwayo Trace Gas Orbiter, kwa kasi inayoweza kufika biti milioni 2 kwa sekunde (biti ni alama moja ya data, 0 au 1), na setilaiti ndiyo inayozibeba hadi itakapopata nafasi ya kuzituma huku kwa dishi lake kubwa.

*Habari za kazi, Baba. Nina kibanda cha kutengeneza redio na simu sokoni Majengo. Nimesikia chombo cha Voyager 1 kinatuma kwa wati 23 tu. Mteja wangu wa Hombolo analalamika redio ya hapa mjini inamkwaruzia. Hao wanasikiaje chombo kilichotoka nje ya sayari zote?*
*Fundi wa kike, Majengo*

Fundi mwenzangu, wati 23 ni kweli. Chombo hicho kiliondoka 5 Septemba 1977 na sasa kimepita kilomita bilioni 25. Ishara yake inachukua zaidi ya saa 23 kufika.

Kwanza kabisa, hakitapanyi. Redio ya mjini inamwaga mawimbi pande zote, hadi kwa mbuzi mlimani. Voyager ina dishi la mita 3.7 linalokusanya wati zake zote kwenye mwale mwembamba, upana unaokaribia ule wa Mwezi mpevu unavyouona kutoka hapo kibandani kwako. Hata hivyo, ukifika kwetu mwale huo umetanuka kupita umbali wa kutoka hapa hadi Jua. Katika upana wote huo sisi tunakinga kwa dishi la mita 70. Kinachoingia ndani ya dishi hakifiki wati moja uliyoigawa kwa bilioni, kisha kila kipande ukakigawa tena kwa bilioni.

Unakijua ule mkwaruzo wa redio ukiwa katikati ya stesheni mbili. Kila chenye joto kinatoa kelele za namna hiyo: udongo, hewa, waya, hata vipuri vya mashine inayosikiliza. Ndiyo maana kikuza mawimbi cha kwanza, kile kinachokaa karibu na mdomo wa antena, kinapozwa hadi karibu nyuzi 260 chini ya sifuri. Watu wengi hudhani siri ya kusikia mbali ni kuongeza sauti. Ukiongeza sauti unaikuza na kelele pia. Siri ni kumnyamazisha anayesikiliza.

Halafu chombo kinasema polepole. Voyager 1 hutuma kawaida biti 160 kwa sekunde, sawa na herufi 20. Na kinasema kwa namna ambayo neno likipotea linaweza kujengwa upya. Kwenye laini mbovu sisi tulisema "M kama Morogoro, B kama Bahi", na tarakimu tukazitaja mara mbili bila kuombwa. Mwaka 1948 Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake cha kasi, na ukikaa chini ya kikomo hicho, upo msimbo, yaani namna ya kuuandika ujumbe, utakaopunguza makosa kadiri utakavyo. Hesabu hiyo ndiyo nguzo ya kazi yote hii. Mahali ambapo kusema "rudia tafadhali" kunagharimu siku mbili, marudio lazima yawe yamefumwa ndani ya ujumbe tangu mwanzo.

Na dishi moja lisipotosha, huunganishwa mengi: Voyager 2, pacha wa chombo hicho, ilipofika sayari ya Neptuni mwaka 1989, madishi 27 ya kituo kimoja cha utafiti huko New Mexico yaliunganishwa na la kituo cha Goldstone, California, yasikilize kama sikio moja.

Lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa kutengeneza, nina mawili ninayodhani utayapenda zaidi.

Chombo cha Galileo, kilichotumwa sayari ya Mshtarii, kilikuwa na antena kubwa inayokunjuka kama mwavuli, mita 4.8. Aprili 1991 kiliamriwa kuikunjua. Baadhi ya vijiti vikagoma. Inasadikiwa kwamba grisi maalumu iliyopakwa kwenye vijiti ilisuguliwa ikaisha chombo kilipokuwa kikisafirishwa kwa lori kati ya California na Florida, kwenda na kurudi. Fikiria, lori! Antena ile ilikusudiwa kutuma biti 134,000 kwa sekunde. Kilichobaki ni antena ndogo ya akiba, yenye uwezo wa biti 10 na ushei. Wahandisi walipewa miaka minne na nusu, kabla chombo hakijafika Desemba 1995. Hawakuweza kugusa hata skrubu moja. Waliandika upya programu za kubana picha na za misimbo, wakazituma juu, wakaunganisha madishi ya huku chini, na picha zikawa zinatunzwa kwenye utepe wa kurekodia wa chombo, zikitolewa taratibu kwa miezi. Kasi ikapanda hadi biti 160 ilipokuwa bora, na sehemu kubwa ya kazi waliyoipanga ikafanyika. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara natafuta mahali walipokata tamaa, sipaoni.

La pili ni Voyager 1 yenyewe. Novemba 2023 ilianza kutuma data isiyosomeka. Baada ya miezi ya kuuliza na kusubiri, waligundua chipu moja ya kumbukumbu imekufa, na sehemu ya programu ilikuwa ndani ya chipu hiyo. Hakuna nafasi moja iliyotosha kuihamishia, kwa hiyo wakaikata vipande, wakavipachika hapa na pale, wakarekebisha kila mahali panapovitaja vipande hivyo. Wewe ukibadilisha kapasita unajua hapo hapo. Wao walituma amri Alhamisi, 18 Aprili 2024, wakajua Jumamosi kwamba imekubali.

*Shikamoo Babu. Niko darasa la sita, Kondoa. Mwalimu alisema vituo vya kuongea na vyombo vya angani viko Ulaya na Marekani. Je, Afrika hakuna?*
*Mwanafunzi, Kolo*

Marahaba mjukuu wangu. Vipo, na kimoja kilikuwa ndani ya nchi yetu ya leo. Zanzibar, pale Tunguu, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya kwanza vyenye watu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu, alikuwa akipita juu ya bahari yetu akiongea na Zanzibar. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kenya, kwenye jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wao, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Na Hartebeesthoek, Afrika Kusini, kilikuwa kituo kamili cha anga za mbali tangu 1961 hadi 1974.

Leo mtandao mkubwa wa Marekani una vituo vitatu: Goldstone huko California, kimoja karibu na Madrid nchini Hispania, na kimoja karibu na Canberra nchini Australia. Chukua chungwa, ulichome njiti tatu kulizunguka kwa nafasi sawa, kisha ulizungushe mbele ya taa. Njiti moja ikiingia gizani nyingine inatoka. Kwa hivyo chombo cha mbali karibu wakati wote kinaonwa na mmoja wao, na wanapokezana zamu kama walinzi. Ila Voyager 2 iko kusini sana ya anga, na ni dishi la Canberra pekee linaloweza kuipelekea amri. Dishi hilo lilipofanyiwa matengenezo kuanzia Machi 2020, kwa takriban miezi 11 hakuna aliyeweza kuiongoza kwa kawaida. Walikuwa wakiisikia tu.

*Salaam Mzee mwenzangu. Mimi ni mkulima wa zabibu. Kijana wangu ananiambia sasa hivi angani wanatumiana habari kwa leza, si redio. Nikamuuliza, na wingu je? Hakuwa na jibu.*
*Mkulima, Mpunguzi*

Ulimuuliza swali lenyewe hasa, ndugu yangu. Chombo cha Psyche kiliondoka 13 Oktoba 2023 kikiwa na kifaa cha kujaribia leza. Desemba mwaka huo kilituma picha za video kutoka kilomita milioni 31, kwa biti milioni 267 kwa sekunde, zikapokelewa na darubini ya mita 5 pale Palomar, California. Aprili 2024, kikiwa kilomita milioni 226, bado kilifikisha biti milioni 25. Redio ya chombo kama hicho haifiki huko. Mwale wa leza ni mwembamba mno, na kwa sababu mwanga unachukua dakika nyingi njiani, lazima uelekezwe pale Dunia itakapokuwa, si pale ilipo, kama unavyomlenga kanga anayekimbia.

Lakini wingu moja zito linaufunga. Redio inapita kwenye mawingu, leza haipiti. Dawa yake ni mbili: vituo vingi vilivyotawanyika, ili wingu la huku lisiwe wingu la kule, na kuvijenga kwenye nchi kavu zenye anga safi. Hapo ndipo ninapoifikiria Dodoma yetu, ambayo tumezoea kuilalamikia ukame. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua karibu hatuna, na usiku mwingi nyota zinaonekana hadi ukingoni mwa milima. Vumbi letu ni tatizo la kweli, na Desemba hadi Aprili anga hufungwa. Hata hivyo mahali hapa panafaa kupimwa, na kupima hakuhitaji fedha.

Mwambie kijana wako achukue daftari. Kila usiku saa 3, saa 6 na saa 9, atoke nje, atazame juu kabisa na pande zote nne, aandike: nyota wazi, nusu, au zimefungwa. Aandike na vumbi. Akilala bila kuandika, aache pengo, asijaze kwa kukisia. Mwanafunzi wa Ng'ong'ona afanye vivyo hivyo huko kwake, na mjukuu wangu wa Kolo amwombe mwalimu ruhusa ya ile ya saa 3 tu. Mimi nitashika Zuzu. Mwezi wa kumi na mbili nileteeni madaftari, tuyalaze upande kwa upande tuone ni usiku ngapi anga lilifungwa Mpunguzi likiwa wazi Kolo.